Mito Miwili Kwenye Shuka ya Ogola

Mimi sikukaa shule, na mkono huu ulijua jembe kabla ya kalamu. Lakini wajukuu hapa mtaani Rhonda kazi yao ni kunisumbua: nyanya, andika habari za babu. Ati niandike! Kwani nyinyi mlifunzwa kuandika ya nini? Haya. Naandika mara moja, na mtu asiguse kalamu yangu kunisahihisha.

Babu yenu Ogola alikuwa dobi wa Bwana Hadlo, mzungu mzee aliyeishi peke yake chini ya mlima Menengai miaka ya hamsini. Mzungu huyo alikuwa na meza pana kuliko chumba chetu, imetandikwa kitambaa cha kijani, na juu yake askari wa bati, wadogo kama kidole. Alicheza vita vya zamani sana, vya Mfaransa Napoleoni. Ukungu ukishuka mlimani ukaingia dirishani, wale watu walitembea. Msinibishie. Nilikuwa nikipeleka maji, niliwaona.

Shida yake ilikuwa ramani. Alitafuta ile yenye kila kilima na kila kijito, ajue babu wa babu yake alianguka wapi. Aliandika barua Uingereza mpaka akachoka.

Ogola akamwuliza, "Bwana, ramani inaweza kuonyesha mahali mtu alikufa?"

"Ikiwa nzuri."

Siku hiyo Ogola hakula. Baba yake, Odero, alichukuliwa Kariokor, kikosi cha wapagazi, kubebea Waingereza mizigo katika vita vya Wajerumani kule Tanganyika, na hakurudi. Sisi Wajaluo, mtu akipotelea mbali, tunazika tunda la yago badala ya mwili, maana ni refu na zito. Lakini wazee wa kwao Alego walikataa: ukimzikia yago mtu aliye hai, umemwua. Mzee Ayieko, aliyekuwa mpagazi pamoja naye, alisema Odero alifia mahali mito miwili inakutana chini ya kilima cha jiwe. Wakamcheka. "Ayieko, ulikuwa na homa, uliota!" Basi mama mkwe wangu akabaki hivyo, si mke, si mjane.

Siku moja kifurushi kikaja na gari la moshi. Bwana Hadlo alikifungua, akatukana.

"Wamekosea! Hii ni Tanganyika, vita vya Wajerumani. Jumatatu inarudi kwao."

Ogola akaweka pasi chini. "Bwana, hiyo ndiyo yangu."

Mzungu alimtazama, kisha akaikunjua pale juu ya kijani. Walikaa mchana kutwa wakifuata njia ya wapagazi kwa kidole, polepole, kama watu wanaotembea usingizini.

"Katika askari wako hawa," Ogola akauliza, "nani hubeba chakula?"

"Sina hao."

Ogola akang'oa kifungo cha shati lake, akakilaza mahali mito miwili inakutana chini ya kilima. Hapakuwa na mahali pengine pa namna hiyo kwenye njia ile yote.

Kabla ya Jumatatu alibandika ramani dirishani, akaifunika na shuka kuukuu, mwanga ukapita, akachora mito kwa bluu ya kufulia.

"Unaharibu shuka," nikamwambia.

"Nyar Gem, nyamaza," akasema, akiniita binti wa Gem, kwetu. "Hii ni nchi."

Tukaenda Alego. Akaitandaza kwenye majani, wazee wakaangua kicheko: "Dobi ametuletea nguo chafu!" Ogola hakuwaonyesha mahali penyewe. Alimwita tu Ayieko. Yule mzee alipiga magoti, akatambaa juu ya shuka akinong'ona. "Tulitoka huku. Maji yalikuwa kushoto. Mvua." Kidole kikatembea, kikasimama pale pale palipowekwa kifungo siku ile. "Tulimlaza hapa."

Kicheko kikaisha.

"Sasa nani aliota?" Ayieko akawauliza.

Yago ilizikwa. Mama mkwe wangu akanyolewa, akalia kilio alichokuwa amekishikilia tangu usichana wake, akawa mjane kama wajane wengine.

Ramani ya Bwana Hadlo kama ilikuja, sijui. Mimi nimeandika, mkono unauma. Sasa ni zamu yako wewe unayesoma. Huko kusini mwa Tanzania, upande wa Lindi, kuna mito miwili inakutana chini ya kilima cha jiwe. Nenda. Habari za nauli usiniletee. Simama ukingoni, uite roho yake kwa sauti: "Odero wa Alego, umezikwa kwenu, rudi ulale." Halafu uje uniambie maji yalifanya nini.