Ng'ombe wa Watu

Marieta, mjane wa marehemu Tomaso wa Endasak, alikuwa mtu wa kushukuru kupita kiasi. Mvua ikinyesha alishukuru. Ikikatika alishukuru kwamba maharage hayataoza. Ukimwazima chumvi alikushukuru mpaka ukatamani kuirudisha mwenyewe nyumbani. Majirani walimtania kwamba hata mwizi akimwibia kuku, atamkimbilia amshukuru kwa kumwachia jogoo. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakuwahi kumshukuru mtu kwa mdomo, nalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Yule ng'ombe mwekundu aliyelala nyuma ya nyumba yake hakuwa wake.

Watu wa huku hawaweki mali yote mahali pamoja. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki wa mbali, huyu mmoja, yule wawili, ili ukame ukipiga upande mmoja au ugonjwa ukiingia zizi moja asibaki mikono mitupu. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba, ila ng'ombe na ndama wake wote ni mali ya mwenyewe. Wala jambo hili halitangazwi. Ukipita kwa mtu ukakuta zizi limejaa usimwonee wivu, huenda hata mkia mmoja si wake. Na yule unayemhurumia kwa ufukara, huenda ana ng'ombe vijiji vitatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini nadhani wahenga hao hawakufika Mbulu wala Hanang. Huku daftari ni kichwa cha aliyetoa, kichwa cha aliyepokea, na shahidi mmoja basi.

Aliyetoa alikuwa Patriki wa Dongobesh, rafiki wa Tomaso tangu ujana wao walipokuwa vibarua kwenye mashamba ya ngano. Shahidi alikuwa mzee Akonaay. Patriki alileta ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila baada ya muda alikuja kuchukua ndama aliyekua. Tomaso alipofariki, Patriki alikuja kuzika. Baada ya mazishi alisimama zizini, akamgusa ng'ombe mgongoni, akawatazama watoto watatu waliokaa ukutani na nguo zao za msiba, akaondoka. Hakurudi tena kuchukua ndama. Mzee Akonaay naye akafa kwa uzee wake. Ndama waliofuata walikufa kwa magonjwa, na ng'ombe wa kwanza alipozeeka alimwacha binti yake mmoja tu, huyu mwekundu.

Sasa sikiliza huyu mwekundu alifanya nini. Wakati ule serikali ilikuwa imeacha kubeba kila kitu. Hospitali unachangia, shule unachangia, mbolea inauzwa na watu binafsi kwa bei wanayoipenda wao. Marieta alipeleka maziwa hotelini pale barabarani kila asubuhi, na kila kitu kikatoka humo. Sare zilitoka kwenye maziwa. Dawa za kifua za Rogathe, binti mkubwa, zilitoka kwenye maziwa. Shamba lililokuwa limechoka lilipata samadi likazaa mahindi ya kushika kwa mikono miwili. Jioni Marieta aliposali alisema, "Na yule unayemjua, Bwana, umbariki," kwa kuwa aliogopa watoto wasije wakasikia jina.

Basi mwaka mmoja, mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya na watu bado wakikosea kuandika Arusha, Marieta alikwenda Katesh siku ya mnada. Alipomaliza mambo yake aliingia dukani kwa Seifu kununua sukari na sabuni. Seifu alikuwa kijana wa ukoo wa wafanyabiashara, ndugu yake ana duka Dongobesh, kwa hiyo habari za huko zilifika kwake pamoja na mizigo ya vitunguu saumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Seifu. Habari za Dongobesh?"

"Njema tu. Ila yule mzee Patriki, sijui mlikuwa mnajuana, alifariki tangu mwaka juzi."

Marieta alishika meza ya duka. "Mwaka juzi?"

"Ndiyo, mama. Mke wake Mama Agatha amebaki peke yake. Kijana wao Wolfgang alikwenda machimboni Mirerani, hakuna habari zake. Na paa limeanguka upande mmoja. Nilimwona mwenyewe, amekonda." Seifu akafungua droo, akaifunga. "Samahani mama, chenji sina. Chukua tiketi hii ya bahati nasibu. Mwisho wa mwezi wanachezesha redioni. Mshindi anachukua milioni kumi."

Siku nyingine angekataa, maana chenji ni chenji. Siku ile aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya kanga na kuondoka bila hata kusema asante, jambo lililomshangaza Seifu kuliko yote.

Njia nzima ya kurudi alifikiri. Patriki amekufa. Tomaso amekufa. Akonaay amekufa. Mambo ya ng'ombe wa kutunziwa ni siri ya wanaume, na wanaume wote waliokuwa ndani ya siri wako chini ya udongo. Amebaki yeye na ng'ombe, na ng'ombe hasemi. Akinyamaza, huyu mwekundu ni wake mpaka siku ya mwisho wa dunia. Akisema, maziwa yanakwenda Dongobesh. Aliona aibu hata kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Ndipo alipoikumbuka tiketi, akapumua. Njia imepatikana! Hahitaji hata hizo milioni kumi. Wangempa laki mbili tu, zingetosha: angenunua ng'ombe wake mnadani, na huyu angemrudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Akamwahidi Mungu pale pale barabarani. "Laki mbili zikija, ng'ombe wa watu anakwenda."

Kesho yake alikuwa anapukuchua maharage na jirani yake Genoveva, mwanamke mwenye ulimi mkali na roho nzuri. Marieta akamwonyesha tiketi.

"Nikipata laki mbili zinanitosha," alisema. "Kuna mtu nataka kumrudishia kitu chake."

"Laki mbili!" Genoveva akacheka. "Watu wanakupa milioni kumi wewe unaomba laki mbili. Unafikiri wanakupimia kwa kibaba? Si uongeze hata mabati?"

Kweli, mabati. Nyasi za paa zilikuwa zinavuja upande wa kitanda. Marieta akaongeza mabati. Siku ya pili akaongeza sementi, kwa kuwa mabati juu ya udongo ni kama kumvalisha mbuzi kofia. Siku ya tatu akampeleka Helena, kitinda mimba aliyemaliza darasa la saba mwaka uliopita, akasome sekondari ya kulala. Genoveva naye hakubaki nyuma. Yeye alijitengea cherehani, na walikuwa wanashona sare za shule nzima kabla maharage hayajaisha kwenye ungo. Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Ilikuwa furaha ya kweli, wala simlaumu mtu kwa hiyo. Kuota hakulipiwi ushuru.

Lakini ndoto haina breki. Baada ya wiki moja Marieta alikuwa na mashine ya kusaga pale njia panda, foleni ya watu na ndoo zao, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti akipokea pesa. Akaanza kumwona mama mmoja mwenye tabia ya kukopa akija na debe lake la mahindi, akamkatalia. Akajikuta amekunja uso kweli, mikono imesimama juu ya ungo.

"Wewe, umenuna nini?" Genoveva akauliza.

"Watu wanataka kunisagisha bure."

"Mashine bado iko kwa Mungu na umeshaanza kuwafukuza wateja! Sasa hesabu imefika wapi?"

"Milioni tano. Tano zinatosha."

"Haya." Genoveva akapepeta, makapi yakaruka. "Ila nikuulize. Siku ya kwanza ulisema laki mbili, kuna mtu unamrudishia kitu chake. Sasa tuko milioni tano na yule mtu simsikii tena. Amekufa?"

Genoveva alikuwa anatania. Hakujua kitu. Lakini Marieta aliuweka ungo chini, akaingia ndani, akaketi kitandani. Alijaribu kumtafuta Mama Agatha katika ile ndoto yake na akamkuta mwisho kabisa, nyuma ya mabati, nyuma ya sementi, nyuma ya mashine ya kusaga, amesimama kwenye foleni na mikono mitupu. Na mashine ikipatikana, si itaharibika, itake spea? Na spea zikipatikana? Aliona wazi kwamba hakuna kiasi ambacho kingetosha, kwa kuwa hakuwa anatafuta fedha za kumrudisha ng'ombe. Alikuwa anatafuta sababu ya kukaa naye. Akalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Kabla jua halijapanda siku iliyofuata alimfungua yule mwekundu na ndama wake. Tiketi alimpa Genoveva. Kama unataka kujua ilishinda au haikushinda, jiulize kama Endasak ni mahali pa kuficha milioni kumi. Genoveva aliambiwa habari yote pale pale. Alimletea tu kamba nzuri kuliko ile iliyokuwapo.

Safari ya kwenda Dongobesh kwa miguu na ng'ombe si ya kusimulia kwa haraka. Alipita Dareda, akapanda ule mlima ambao hata pikipiki huupanda kwa kulalamika, ndama akigoma kila kona. Watu waliuliza mwanamke anaswaga ng'ombe kwenda wapi, yeye akawaambia, "Anarudi kwao." Alilala Bashanet kwa mjomba wa marehemu mume wake. Na kitu cha ajabu, jinsi alivyozidi kwenda ndivyo moyo ulivyozidi kuwa mwepesi. Alitembea akimwambia yule mwekundu mambo yote, moja moja. Asante kwa mwaka ule wa njaa. Asante kwa kifua cha Rogathe. Asante kwa viatu vya Helena vya kwanza. Miaka yote hiyo shukrani ilikuwa imemkwama kama mfupa, kwa sababu mtu hawezi kushukuru sawasawa kwa kitu anachokificha.

Alifika jua likiwa limeanza kushuka. Nyumba ilikuwa kama Seifu alivyosema, upande mmoja paa limelala juu ya ukuta. Mama Agatha alikuwa uani anapepeta pumba, mwanamke mrefu, mifupa ya mabega inaonekana juu ya shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumtazama Marieta kwanza. Aliweka ungo chini, akamwendea ng'ombe, akamshika pembe, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Mimi ni mke wa Tomaso wa Endasak," Marieta alianza. "Mama, huyu ni ng'ombe wa..."

"Ana sura ya mama yake," Mama Agatha alisema.

"Ulimjua mama yake?" Marieta akauliza.

"Nani alikuwa anamkamua kabla hajaja kwenu? Patriki?" Mama Agatha akacheka, meno mawili matatu. "Wanaume wanasema siri, siri. Ng'ombe ninayemkamua kila asubuhi anatoka zizini, mimi nisijue amekwenda wapi? Nilikuwa kipofu?"

"Basi ulijua. Siku zote ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuja kumchukua? Hata mzee alipofariki? Hata na paa hili?"

Mama Agatha alikuna shingo ya ng'ombe. "Patriki aliporudi kutoka kwenye msiba wa mume wako hakula. Akaniambia, amebaki na watoto watatu wadogo, yule wa mwisho hata kutembea hajui. Nikamwambia, basi tumwache ng'ombe huko mpaka huyo wa mwisho amalize shule. Tukakubaliana hivyo. Amemaliza?"

"Amemaliza la saba," Marieta alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwaka jana."

"Basi umenichelewesha mwaka mmoja," alisema Mama Agatha, akampiga begani kwa upole, kama anavyopigwa mtoto aliyevunja kikombe. "Usilie. Ndama ana njaa. Mwache anyonye kidogo, kisha kamua wewe, mimi huyu hanijui."

Marieta akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni mwa yule mwekundu, akakamua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Aliposimama, Mama Agatha alikuwa amekwisha leta kikombe cha bati, akakijaza, na kama desturi inavyotaka akampa mgeni kwanza.

"Mimi nimeshakunywa, mama," Marieta alisema. "Miaka yote hii nimekunywa mimi, na watoto wangu wamekunywa. Asante. Kunywa wewe."

Mama Agatha alimwangalia, kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, kwa heshima ya mgeni, mpaka nusu. Halafu heshima ikamshinda. Alikunywa kilichobaki bila kupumua, akakinyoosha kikombe mbele, akaomba kingine.