Mashua Saba za Babu Mjerumani

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mjerumani, fundi wa mashua. Aliletwa Rumonge, kando ya ziwa, kutengeneza vyombo vya serikali yao, akamwoa bibi yangu, binti wa Kimanyema, akasilimu, akabaki. Mimi sikumwona. Haya nimeyapata kwa bibi, tukimenya mihogo uani.

Asubuhi moja, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, habari zilifika kwamba Wabelgiji wameingia Usumbura, kaskazini mwetu. Saa hiyo hiyo ofisa wa Kijerumani akatokea ufukweni na askari sita na madebe ya mafuta ya taa. Mashua saba zilikuwa mchangani, zote kazi ya babu, na wavuvi wote wa pale walizitegemea.

"Choma zote," ofisa akamwambia babu, kwa Kiswahili makusudi, ili kila mtu asikie. "Adui asipate hata moja."

Kaka yake bibi akashika panga. Askari wakamwelekezea bunduki. Bibi alikuwa nyuma ya mumewe, ana mimba ya miezi saba, baba yangu akiwa tumboni.

Babu hakugeuka. "Moshi utaonekana mpaka ng'ambo," akasema. "Watajua tunakimbia. Tuzizamishe."

Ofisa alimkazia macho. "Haya. Upesi."

Wakazisukuma majini, wakazijaza mawe, moja moja, zikazama. Babu ndiye aliyechagua mahali. Mara mbili ofisa aliuliza kama maji yana kina cha kutosha. Mara mbili babu akajibu hayana mwisho. Kumbe yalikuwa kimo cha watu wawili tu.

Ya saba ilipozama, ofisa akasema, "Na wewe unakuja nasi."

"Mke wangu..."

"Sasa hivi!"

Aliruhusiwa kuvaa viatu tu. Alipompita bibi alinong'ona, "Msizitoe mpaka tuwe tumepita Kigwena, huko kusini."

Siku ya tatu wavuvi walipiga mbizi, wakapakua mawe, wakainua mashua sita. Ya saba ilikuwa imepasuka. Baba alipozaliwa, bibi alimbeba mgongoni mpaka Kigoma, walikokimbilia Wajerumani, kumtafuta mumewe. Akaambiwa Wabelgiji wamewateka Wajerumani na wameshawapeleka Kongo. Babu hakurudi tena.

Niliwahi kumwuliza bibi kama alijivunia ujanja ule.

"Watu walikula, ndiyo," akasema. "Lakini neno la mwisho alilonipa lilikuwa la mashua, mujukuu wangu. Mimi hakuniaga."