Jibini Kichanjani

Jibini yangu ya kwanza ililiwa na nguruwe. Mama mkwe aliibeba mwenyewe mpaka bandani, mchana kweupe, majirani wakiangalia.

Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake, hapo nyumbani Itumba. Ya asubuhi aliyaweka kwenye kibuyu yagande, ya jioni alinipa mimi kwa ajili ya chai. Aliponikuta nimeyachemsha, nimeyakamulia limau, nimeyachuja kwa kipande cha kanga na kuyagandamiza kwa jiwe la kusagia, alishika kiuno.

"Sufuria nzima imekuwa kitonge! Ukirudia, mwanangu, hata ya jioni yataingia kwenye kibuyu changu."

Nikarudia. Kitonge cha pili nilikitia chumvi na kukificha jikoni kwake, kwenye kichanja kilicho juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu yanayofukizwa yasiliwe na wadudu. Nilidhani moshi ungeficha harufu. Sikufikiri kwamba ungeingia ndani.

Wiki ya tatu kaka yangu alikuja kutoka Tunduma, anakopakua malori. Madereva wanaokaa foleni mpakani walikuwa wamempa vipande vya jibini: ya njano ya Afrika Kusini, ya Uholanzi yenye nta nyekundu, ya Ufaransa yenye madoa ya bluu, na moja ya kahawia ambayo hakujua imetoka wapi. Jumapili baada ya ibada nikavipanga kwenye sinia, mlemle jikoni, na kumkaribisha mama mkwe.

Ya bluu aliinusa tu. "Hii imeota ukungu, halafu wakaiuza? Na sisi mahindi yetu tunatupa!"

Ya kahawia aliitafuna polepole. "Hawa nao wana kichanja," akasema.

Nikainuka, nikapanda kigoda, nikashusha kitonge changu mbele yake. Kilikuwa kigumu, rangi ya chai. Nikakata kipande, nikaweka kwenye kisahani.

"Kwenye mbegu zangu?" akauliza.

"Kwenye mbegu zako, mama. Na nitaweka kingine."

Kaka yangu akaangalia chini. Mama mkwe akachukua kisahani, akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli anapopenda kukaa. Banda la nguruwe liko hukohuko. Alirudi na kisahani kitupu, amekiosha.

Maziwa ya jioni bado ananipa. Nani alikula kile kipande, mpaka leo hajasema.