Kalamu ya Babu

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Nchelenge, na katika duka moja karibu na Ziwa Mweru nikaona chupa ya wino wa buluu iliyojaa vumbi. Nilisimama pale, rafiki yangu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikiishi na Bibi. Babu alikuwa amefariki, akatuachia kalamu ya wino aliyoitumia katika kazi ya ukarani huko Katanga. Bibi hakujua kuandika, lakini kila Jumapili aliifuta kwa kitenge chake.

Siku moja niliichukua kimyakimya, nikakaa nayo palipoanikwa chisense, dagaa wetu wa Mweru. Nikirudi nyumbani ikanidondoka njiani, na baiskeli iliyopakia samaki ikapita juu yake. Nibu, ile ncha yake ya chuma, ilipinda. Mpira wa ndani, ule unaonyonya wino, ukapasuka.

Nilimpelekea Bibi vipande nikilia. Hakunipiga. “Aliyevunja ndiye atakayetengeneza,” alisema, akaendelea kusonga ubwali, ugali wetu wa mihogo.

Nikaenda kwa jirani yetu, Mkongomani fundi wa baiskeli.

“Leta nione, mutoto.” Akaigeuzageuza. “Hii haiyakufa bado. Lakini mikono yangu ni mikubwa. Utatengeneza weye mwenyewe.”

Akanikatia kipande cha mpira wa valvu. Niliiloweka kalamu katika maji ya vuguvugu mpaka wino mkavu ukatoka. Nibu niliilaza ubaoni, nikainyoosha kwa mgongo wa kijiko. Ikakwaruza karatasi, nikarudia, siku tatu. Mpira nikaufunga mwisho mmoja kwa uzi wa wavu, mwingine nikauvika shingoni mwa nibu. Nikaijaza wino wa buluu uliobaki katika chupa ya Babu. Sikuwa na shaka hata chembe kwamba itaandika.

Ikaandika.

Bibi aliutazama mstari ule, akakaa mkekani. “Andika. Mwambie dada yangu wa ng'ambo ya ziwa...” Kalamu yangu ikangoja hewani. Ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima dada yake hakuwa na habari za kifo cha Babu, maana aliyekuwa akiwaandikia barua ndiye aliyekufa.

Barua ilivuka na wachuuzi wa samaki. Baada ya wiki tatu dada mtu alishuka mtumbwini, na vilio vyao vikasikika mpaka barabarani. Jioni walikuwa wakicheka.

Wote wamekwenda sasa, na fundi pia. Siku hizi habari ya msiba huvuka ziwa kabla marehemu hajaoshwa, na ni vizuri. Ila hakuna tena mtoto anayengoja, kalamu ikiwa hewani, mpaka Bibi apate nguvu ya kulitamka neno lenyewe.