Mgeni wa Televisheni Alipofika Misiera

Siku ya kwanza kazini nilipewa mwiko ulionifika kifuani. Lilikuwa jiko la kituo cha mapokezi pale Kabazana, katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, ambako wakimbizi wapya hulishwa kabla ya kupewa kiwanja. Nilinyanyua mfuniko wa chungu nione kinachopikwa. Mkuu wa jikoni, mama wa Uvira, Kongo, mwenye sauti kali, akaninyang'anya.

"We! Unafungula nyungu ya nani? Hapa, mwenye alikufundisha kupika ndiye anafungula mbele ya mugeni. Wewe bado!"

Ninyi wapishi wa siku hizi mnajifunulia tu. Sisi tulingoja, na kutukanwa tulitukanwa.

Sombe, yaani majani ya muhogo, tuliyatwanga yakalainika, tukayachemsha wazi kwanza ili sumu yake itoke na mvuke, mawese yakaja baadaye kabisa. Warundi walidai maharage mazito. Wasomali waliuliza nani kachinja nyama. Dunia nzima ilipita mbele ya mwiko wangu, na ndege sikupanda. Yule mama alipoondoka, ukuu ulinijia mimi, nami nikamfundisha msichana mmoja, Nabintu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kucheka.

Baadaye nikapata kazi katika hoteli moja ya Mbarara. Huko nilijifunza eshabwe, mchuzi mweupe wa samli ambao Wanyankole huupiga bila moto. Na huko ndiko ugonjwa ulikonipata. Ukumbini palikuwa na televisheni, na kila Jumapili mzungu mmoja alizunguka dunia akila. Anaingia jikoni kwa bibi fulani wa Asia, anakaa chini kabisa, anauliza, "Nani alikufundisha?" Bibi machozi yanamtoka, na mimi mlangoni yananitoka. Yangu ya wivu! Utamu wa vipindi vile si chakula, maana hukionji wala hukinusi. Utamu ni kumwona mpishi ameulizwa. Mimi nililisha umati, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Meneja alinikuta pale mara nyingi. "Nyabo, mama wewe! Televisheni ni ya wageni. Wewe nalipwa kupika, hapana kuangalia!"

Nilipostaafu nikarudi Nakivale, kijiji cha Misiera. Siku moja ikavuma kwamba watu wa televisheni wanakuja Misiera kupiga picha za vyakula vyetu, na mzungu wao wa kula wanaye. Nilifagia uwanja, nikavaa kitenge kipya, nikatwanga sombe tangu alfajiri. Nikasikia gari. Likapita mlangoni pangu, likaenda kusimama kwa Nabintu! Eti kwa sababu kibanda chake cha chakula kiko kando ya barabara, na meno yake mazuri. Roho iliniuma, sifichi.

Punde Nabintu akaja mbio, aproni kiunoni. "Mama, bageni beko kwangu. Kuya ufungule nyungu."

"Magoti inaniuma."

"Mama, mi siwezi kufungula na wewe uko muzima."

"Si bamekufuata wewe? Fungula mwenyewe!"

Alisimama kidogo, akitazama kitenge changu kipya. Kisha akaenda zake. Sombe yangu nililisha majirani, nao wakaisifu, lakini sifa za majirani nimezizoea.

Kipindi kilipotoka tulijazana kwenye duka moja lenye televisheni. Nabintu alikaa kando yangu. Kwenye kioo, mzungu ameketi mkekani na chungu kimefunikwa mbele yake. Akauliza lile swali langu, neno kwa neno: nani alikufundisha?

"Mama yangu wa jikoni, wa Kabazana," Nabintu akajibu. "Yeye ndiye anafungula. Fasi yake ni hii."

Kamera ikageuka. Kigoda cha miguu mitatu, kimefutwa vumbi, kimetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake hakuna mtu. Wakakitazama kwa muda mrefu, mvuke ukitoka pembeni mwa mfuniko. Mwishowe mzungu mwenyewe akafunua.

Duka zima likanigeukia.

"Si nilikuya kukuita, Mama?" Nabintu akasema polepole.

 

Kipindi kile hurudiwa, na kila kikirudiwa naenda. Nabintu simwonei wivu tena, au kidogo tu. Nakionea wivu kile kigoda.