Dada Aliyenifundisha Kuendesha Mvuani

Leo asubuhi imenyesha Riyadh. Si yale manyunyu ya kutia madoa kwenye vumbi la magari, bali mvua hasa, ya kumfanya mtu aache chai yake ipoe. Nilikuwa nimesimama dirishani nikamwona msichana mmoja, kofia ngumu kichwani, anakata kona kwa baskeli. Barabara inang'aa maji. Gurudumu la nyuma likamteleza. Akatoa mguu, akagusa chini, akajiweka sawa, akenda zake. Mimi huku juu mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshakaza hewani, unafinya breki isiyokuwepo. Nikacheka peke yangu. Kisha, wewe sikufichi, nikalia.

Kwa sababu mimi baskeli niliijulia Jeddah, mtaa wa Nuzha, na niliijulia mvuani.

Tulikuwa tukikaa nyumba ya chini na bibi, mzaa baba, aliyetoka Unguja akiwa bado kijana na watoto wake kiunoni. Nje tulisema Kiarabu kama watu wote. Ukivuka kizingiti cha bibi ukavua viatu, Kiarabu nacho ulikiacha hapo hapo pamoja na viatu. Baba alikuwa karani bandarini, mama muuguzi, kwa hivyo mchana kutwa nyumba ilikuwa ya bibi na mimi, na harufu ya hiliki, na redio yake iliyokuwa ikikoroma zaidi kuliko kusema. Baskeli tuliachiwa na majirani waliohama. Ilikuwa nyekundu zamani. Nilikuwa na miaka tisa, umri ambao mtoto wa kike bado aliachiwa kichochoro, ingawa shangazi zangu walishaanza kunitazama kwa macho ya kupima kimo.

Mvua ya Jeddah huja siku za kuhesabika, wakati wa baridi, tena baridi yenyewe ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua adhuhuri. Lakini ikija, mji mzima hupigwa na butwaa. Skuli hufungwa. Mapaa yasiyozoea huvuja, na bibi alikuwa akipanga mabeseni na masufuria sebuleni, kila kimoja na mlio wake. Na barabara, ah! Mwaka mzima imekunywa mafuta ya magari na kumeza vumbi, sasa tone la kwanza linayapandisha yote juu, lami inakuwa kama sahani iliyotoka kuliwa samaki wa kukaanga. Bibi alikuwa akisema, "Barabara isiyozoea maji, ikinywa mara moja hulewa." Nami nilianguka hata nikaacha kuhesabu.

Siku moja ya namna hiyo nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya mlango, baskeli juu yangu, na bibi yuko dirishani ananipigia kelele. "Wee mtoto! Inuka hapo! Utavunja shingo, babaako aje anilaumu mimi!"

Kwenye pipa kubwa la taka la kona alikuwapo mwanamke mwenye mfuko mkononi, mfanyakazi wa nyumba ya pili. Aliuweka mfuko chini polepole.

"Mama," akasema. "Kumbe hapa mnaongea Kiswahili?"

"Tuna kipi chengine cha kusema, mwanangu?" bibi akajibu. "Njoo ndani, unarowa."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwetu. Alitoka Kakamega, Kenya, na alikuwa na miezi mitano hajasema Kiswahili na mtu uso kwa uso. Tulimwita Dada tu. Ijumaa baada ya Alasiri, bosi wake na madam wakenda kutembea kwa jamaa, alipewa ruhusa ya saa moja, naye saa hiyo aliileta kwetu. Bibi alimwekea mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Kiswahili chao hakikufanana. Bibi akisema "chengine", Dada husema "ingine", wakachekana. Tena Dada alikuwa Mkristo, na bibi akitandika msala wake, Dada alipunguza redio bila kuambiwa.

Na ni yeye aliyekuja kuninyanyua. Kwao alipokuwa msichana alikuwa akipeleka maziwa kwa baskeli, kopo kubwa limefungwa nyuma, kwenye udongo mwekundu, na kwao, alisema, mvua hunyesha kila jioni kama ina mkataba. Alikimbia nyuma yangu kichochoroni, abaya kaikunja, kashika kiti.

"Breki ya mbele iache kabisa. Ya nyuma nayo, guusa tu, kama unaamsha mtoto. Na uifinye kabla ya kona, si ndani ya kona."

"Nikiteleza?"

"Utateleza. Usipigane nayo. Tazama pale unataka kwenda, si pale unaogopa."

Alinionyesha nipunguze upepo kidogo kwenye matairi. Alinionyesha mistari myeupe ya kuvukia na mifuniko ya chuma ya mitaro, akasema hao ndio nyoka wa barabara iliyorowa. Dimbwi usiloliona chini usiliingie, maana huenda mfuniko haupo. Baada ya wiki tatu, mvua iliporudi, nilikuwa nakata kona ya msikiti barabara imerowa, miguu yangu imetulia, na bibi dirishani anajifanya hatazami.

Kisha madam na bosi wakahamia nyumba yao mpya, upande wa pili wa ile barabara kubwa ambayo mimi niliharamishiwa kuivuka, ingawa paa lake lilionekana kutoka kwetu. Ijumaa zikapungua. Lakini simu ya bibi, ambayo tangu mwanzo ndugu zake Dada walikuwa wakimpigia, iliendelea kuwa simu ya Dada, kwa kuwa nyumba mpya ilikuwa haijafungiwa laini bado. Mdogo wake Dada alipiga kutoka Kakamega, haraka haraka, akiacha habari: shamba, mvua, mtoto. Dada alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, na mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni.

Siku ya tukio lenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alikwama bandarini, mama alikwama hospitali. Saa nne hivi simu ikalia. Nilimwona bibi anasikiliza, mkono umefunika mdomo. Mtoto alikuwa hospitali, anapasuliwa leo. Daktari yuko tayari, lakini mtoto amejishika kwenye kitanda, anapiga mayowe, hataki kuchomwa ile sindano ya usingizi mpaka amsikie mama yake. Daktari kawapa simu ya ofisi. Watapiga tena baada ya saa moja, mara moja tu, basi.

Bibi akaweka simu. Akatazama miguu yake iliyovimba. Akatazama mvua. Mwisho akanitazama mimi, na ninakwambia, sijapata tena kutazamwa vile na mtu mzima.

"Utafika?" akaniuliza.

"Nitafika."

"Basi nenda. Taratibu, mwanangu. Ukianguka hutomfaa mtu."

Nilitoka. Maji yalifika katikati ya magurudumu mahali pengine, nikafuata ukingo ulioinuka. Gari moja nyeupe ilikuwa imepanda kisiwa cha barabara, dereva wake kasimama kando na viatu mkononi. Kwenye ile barabara kubwa magari yalikuwa yakitambaa, taa zimewashwa mchana. Nilishuka nikavuka kwa miguu, nikiisukuma baskeli. Upande wa pili nikasahau yote niliyofunzwa, nikakimbiza, na kwenye mstari mweupe baskeli ikanitoka chini kama sabuni. Goti likachanika. Nakumbuka nilikaa majini nikisema kwa sauti, "Gusa tu, gusa tu," kisha nikapanda tena.

Madam ndiye aliyenifungulia. Nilimweleza kwa Kiarabu, meno yanagongana. Dada alikuwa nyuma yake na mtoto mchanga wa madam begani. Nilipomgeukia nikamwambia kwa Kiswahili, "Mtoto wako," akawa akimpigapiga yule mchanga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyofaa.

"Bosi yuko Riyadh," madam akasema. "Mafi sayara." Gari hakuna. Akachungulia barabarani, mto mtupu. Akaitazama baskeli yangu. Akamtazama Dada. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mwanawe. "Yalla," akasema. "Nenda."

Rafiki yangu, miaka ile mwanamke juu ya baskeli katika barabara ya Jeddah hakuwa kitu cha kuonekana. Dada alikunja abaya akaifunga kiunoni juu ya suruali, akanipandisha kwenye keria, akakanyaga. Nilimshika tumboni. Nilimsikia akihema, akiomba kwa lugha ya kwao, na chini ya mkono wangu nilisikia mwili wake ukijua kila kitu: ukipunguza kabla ya kona, ukinyooka, ukiachia gurudumu liteleze na kurudi. Wanaume waliokuwa wakisukuma gari walisimama wakatukodolea macho. Hakuanguka hata mara moja.

Bibi alikuwa mlangoni. Tulikuwa hatujakauka hata nyuso simu ilipolia.

Dada alisema na mwanawe kwa lugha yao, sikufahamu. Kilio cha mtoto tulikisikia sote, chembamba, mbali. Kisha Dada akageuzia Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa ajili yetu. "Nimekuja na baskeli, baba. Eeh. Na mvua hivi hivi. Kama ile ya maziwa." Kisha kile kilio kikageuka kicheko, nacho tulikisikia. Akamwambia, "Sasa waache wafanye kazi. Mimi niko hapa, sitoki kwa simu." Laini ikakatika, lakini yeye aliendelea kuushika ule mkono wa simu muda mrefu.

Bibi alitandika msala. Dada alipiga magoti kando yake, macho kafumba, maji yanamchuruzika kwenye mazulia. Hakuna aliyesema chakula kimeungua, ingawa kiliungua. Baada ya Magharibi mdogo wake akapiga: mtoto katoka, kaamka, kaomba uji.

Maji yalipopungua kesho yake, jirani alimweleza baba alichokiona. Baba hakunipiga. Aliipandisha baskeli juu ya paa, kando ya tangi la maji, akasema nimeshakuwa mkubwa. Bibi alimjibu, "Ulitaka wafike kwa kuogelea?" lakini baba hakurudi nyuma, na ile baskeli ikaliwa na kutu huko huko juu. Sikupanda nyingine.

Dada alimaliza mkataba akarudi kwao. Alipiga simu Ijumaa mbili. Mwaka uliofuata bibi akafariki, tukahama, namba ikapewa watu wengine. Nimepita Nuzha si zamani. Mahali pa nyumba yetu pana ghorofa za vioo, na kichochoro kimekuwa maegesho. Siku hizi wanawake wanapanda baskeli, nami nafurahi, lakini sina tena mtu wa kunisubiri kizingitini nivue viatu na Kiarabu changu.

Yule mtoto, kama yuko hai, ni mtu mzima sasa. Jioni ile bibi alimwombea hadi simu ikalia, akirudia jina lake ambalo ulimi wake wa Kiunguja haukuweza kulitamka sawasawa, akilivunja kila mara na kuanza upya. Nimelitafuta jina hilo tangu asubuhi. Sauti ya bibi naisikia. Jina halinijii.