Tope la Mikokoni Mbegani

Tope lilinimeza hadi mapajani, maji ya bahari yanakuja, nami namwona kiongozi wa safari yetu anakimbilia nchi kavu bila hata kugeuka.

Asubuhi ile sisi wauza mananasi wa Kiwangwa tulikwenda kutembea. Wageni wengi Bagamoyo huishia kwenye magofu. Sisi tulitaka kuiona mikoko ya Mbegani. Akina mama waokota kombe za baharini walimwonya kiongozi: "Baba, leo bamvua, maji makubwa, yanarudi mbio." Akawajibu, "Nyie okoteni kombe zenu," akatuingiza mikokoni.

Hao hao ndio walionirudia. "Usijikakamue, dada! Lala kifudifudi! Hoteli hatuna, lakini kulala kupo!" Nikalala, nalia huku nacheka. Wakaunga khanga zao, wakanivuta kama gunia la mihogo. Mungu awalipe, kila nikiamka nawaombea. Na mikoko ile ni mizuri jamani, nendeni, ila waulizeni wao kwanza.

Nawe kiongozi wa fulana ya njano, ulinisikia nikikuita. Rudi Mbegani, simama mbele ya akina mama wale, useme kwa nini uliniacha.